Gari la Kumwahi Dada

Siku ya Idi, tulipokuwa tumekwisha kula na wageni wengine wametoka kwenda kusalimia majirani, dada yangu alinishika mkono sebuleni kwake Koboko akaniambia, kama mtu anayeagiza sukari dukani, "Wewe ndiye utanishusha."

Sikumuuliza nitamshusha wapi. Sisi Waislamu wa huku, mwanamke akifariki huoshwa na wanawake wenzake, lakini kaburini hupokelewa na mwanamume wa damu yake. Watu hushika kanga juu ya kaburi kama pazia, ili hata akiwa ndani ya sanda asitazamwe ovyo, naye ndugu yake aliye chini humpokea mikononi na kumlaza. Mwanawe wa pekee wa kiume alikwisha kututangulia mbele ya haki. Waume wa binti zake ni watu wema na sheria inawaruhusu, lakini yeye alinitaka mimi. Mimi ni mdogo wake, na katika watoto wa baba yetu tumebaki wawili.

Wakati ule alikuwa bado anatembea, ingawa tumbo lilikuwa limeanza kuvimba na shingo imebaki mifupa. Baada ya Idi aliletwa hospitali huku Arua, akapigwa picha, na daktari, kijana mwenye adabu sana, akaniita pembeni akasema tumrudishe nyumbani na tumpe chochote anachopenda kula. Binti yake akamrudisha Koboko. Mimi nikarudi kwangu, nikavua kanzu, nikavaa suruali ya kazi, nikafungua boneti ya gari.

Gari lenyewe ni stesheni wagoni nyeupe, ya zamani, ya kabureta. Nimelitumia tangu wanangu wakiwa shule ya msingi, na sasa wana watoto wao, wako mbali na kazi zao. Magari ya siku hizi yana kompyuta, na fundi huyatibu kwa kuchomeka waya na kusoma kioo. Langu bado lina vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika kwa vidole. Nilijifunza kuvishika nikiwa kijana, tulipokuwa wakimbizi ng'ambo ya mpaka, upande wa Congo. Asubuhi nilisoma kwa sheikh wetu, sote tumekaa juu ya magunia, na mchana nilishika spana katika gereji iliyokuwa kando ya barabara. Mama alikuwa amekwisha fariki. Aliyenilisha miaka ile ni dada, kwa mandazi aliyoyakaanga mwenyewe. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa shule zote mbili, na kwa mandazi yale.

Gari lilikuwa limeanza kuchoka. Asubuhi lilikataa kuwaka mpaka betri ikaribie kufa. Likiwaka lilitetemeka kama mtu mwenye homa, na kwenye mlima lilikohoa na kutoa moshi mweusi. Mtu angeweza kuniambia kwamba teksi za Koboko zipo siku nzima, na ni kweli. Lakini teksi huondoka ikijaa, na maiti wetu hangoji. Aliyefariki alfajiri anaweza kuzikwa baada ya adhuhuri. Nilikuwa nikijiona nimekaa ndani ya teksi iliyojaa nusu, dereva ameshuka anatafuta abiria wa mwisho, na huko Koboko watu wamekwisha swali wanaelekea makaburini, na mkwe wake anashuka kaburini mahali pangu. Picha hiyo ilinijia nikiwa kwenye swala, Mungu anisamehe, nikapoteza hesabu ya rakaa. Nikaazimia kwamba gari liwe tayari, saa yoyote simu itakapolia.

Nilianza na plagi. Nilizitoa moja moja nikazipanga juu ya gazeti. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya biskuti mdomoni. Zangu zilikuwa nyeusi tititi, zimejaa masizi, maana yake kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ilikuwa inamwaga petroli kupita kiasi. Nikazisugua kwa brashi ya waya, nikaziosha kwa petroli, nikazianika juani.

Jirani yangu akaja. Yeye ni Mkongo, mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda na kurudi mpakani Vurra kila wiki. Ni Mkristo, na Jumapili huimba kanisani mpaka Jumatatu hana sauti. Huniita Mwalimu kwa kuwa nimewasomesha Kurani watoto wa mtaa huu, nami humwita Papa kama wanavyoitana wao. Hajui mambo ya injini, lakini hawezi kuona boneti imefunguliwa akapita.

"Mwalimu," akasema, "hii gari iko nakohoa sawa mutu ya tumbaku. Nimeisikia ku nyumba yangu."

"Ni plagi, Papa. Angalia zilivyo."

"Uuze hii. Ununue ingine."

"Na wewe ukianza kukohoa, mkeo anunue mume mwingine?"

"Ee, Mwalimu! Usimupe hiyo akili. Iko nasikia pale ku dirisha."

Na kweli mkewe alicheka dirishani. Papa akakunja mikono ya shati, akashika brashi, akawa msaidizi wangu tangu siku ile.

Siku iliyofuata tulifungua distribyuta. Ndani yake kuna vipande viwili vidogo vya chuma, tunaviita platini, ambavyo hugusana na kuachana, na kila vinapoachana cheche huruka kwenye plagi. Vyangu vilikuwa vimeungua na kuota vipele. Nikavisugua kwa msasa laini, nikapima nafasi kati yake kwa kipimo cha bati jembamba, nikafunga skrubu, nikapima tena, maana skrubu ikikazwa nafasi husogea. Baadaye nikasafisha kichujio cha hewa. Kisha nikafungua kifuniko cha juu cha injini nikarekebisha tapeti, zile zinazosukuma vali zifunguke, ambazo zilikuwa zikigonga kama cherehani. Nilifanya kazi kwa bismillahi na kwa utaratibu, kwa muda wa saa moja hivi kila siku, baada ya swala ya dhuha, kisha nanawa naenda msikitini. Kila nilipomaliza jambo moja niliona jingine. Kabureta niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga, na baada ya siku chache nikaifungua tena.

Mke wangu aliniletea chai nikiwa nimeinama mle ndani.

"Jana ulisema gari limekwisha," akasema.

"Bado taiming. Cheche zinakuja kwa kuchelewa."

"Na juzi ulisema bado nini?"

"Juzi ni tapeti."

Akaweka kikombe juu ya ukuta mdogo wa kibaraza. Yeye na dada yangu wanaitana wifi, na wamependana kuliko mawifi wengi ninaowajua. "Mzee," akasema, "kesho twende na teksi tukamwone. Mgonjwa hana haja na taiming."

"Gari likikaa sawa tutakwenda na gari. Tuwe na subira kidogo."

Alirudi jikoni, na chai ilikuwa imepoa nilipoikumbuka. Watu wa msikitini hunisifu kwa subira, nami nimezoea sifa hiyo. Nilipompigia dada simu, mara nyingi baada ya magharibi, nilimwambia atulie, ashukuru, asome adhkari zake. Alikuwa akiitikia, "Amina." Sauti yake ilizidi kuwa ndogo wiki hadi wiki, na kila ilipopungua nilirudi kwenye gari na kutafuta kasoro nyingine. Nikikaa mbele ya injini sikuiona ile shingo yake.

Ndipo ikafika siku ya taiming. Kazi hii mimi huifanya kwa sikio, kama nilivyofundishwa. Injini inanguruma, boliti ya distribyuta imelegezwa, unaizungusha polepole kwa mkono, huku kidogo, kule kidogo, mpaka sauti inakuwa moja, haina kigugumizi. Papa alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mguu juu ya pedali ya mafuta, anafurahi kama bwana harusi. Simu yangu ikalia juu ya kibaraza. Nikaona ni namba ya binti wa dada yangu, nikaipokea bila kuzima injini, maana niliogopa, na hofu ilinisahaulisha kelele.

Alikuwa dada mwenyewe. Sisi tunazungumza Kinubi nyumbani. Hapa naandika maana ya maneno yake.

"Kelele hiyo ni ya nini?"

"Gari, dada. Ninalirekebisha."

"Limekufa?"

"Lilikuwa gumu kuwaka. Sasa ni afadhali."

"Unataka kwenda nalo wapi?"

Kabla sijajibu, Papa, ambaye alijua tu kwamba nina mgonjwa Koboko na ninangoja habari, na ambaye hakujua naongea na nani, alitoa kichwa dirishani akapaza sauti juu ya injini, kwa Kiswahili ambacho kila mtu wa huku anakielewa: "Mwalimu! Sasa ni sawa! Hata wakikuita ku maziko asubuhi, saa sita weye iko Koboko!"

Nilimwashiria azime. Injini ikanyamaza.

"Nani huyo?" dada akauliza.

"Jirani."

"Anasema kweli?"

Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kwamba ulimi usiseme uongo. Sikuweza kusema ndiyo, na sikuweza kusema hapana. Nikasikia anacheka, kicheko kikageuka kikohozi, binti yake akasema kitu pembeni, kisha akarudi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Tangu nitoke hospitali hujanitia machoni, lakini gari la kunizika limepona."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Teksi zimeisha Arua? Wifi yangu anapiga simu analia, anasema kila siku anakuambia twende, nawe uko ndani ya boneti." Akapumzika. Nilisikia pumzi yake ikitafuta njia. "Sikiliza. Nataka kukaa kwenye nyumba ya baba. Njoo unichukue wakati bado ninaona. Ukingoja mpaka nimekwisha kufa, baki hukohuko na gari lako. Mkwe wangu atanishusha. Nimemaliza."

Simu ikakatika. Nyumba ya baba ndiyo hii ninayoishi, aliyoijenga baada ya kutoka jeshini, na chumba cha mbele ndimo alimozaliwa dada.

Papa alishuka garini, akaniona usoni. "Mwalimu, nimesema mubaya?"

"Umesema ulichokiona, Papa."

"Ni nani alikuwa ku simu?"

"Dada yangu."

Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Mama mugonjwa mwenyewe?" Akakaa juu ya tairi la akiba, mtu mkubwa yule, akawa anajitukana kwa lugha ya kwao. Nilimwambia asijitukane, kosa si lake. Nilitaka kusema zaidi, lakini adhana ya alasiri ilikuwa inaanza, na nilishukuru kwamba kuna mahali pa kwenda.

Sikuswali vizuri siku ile. Nilisujudu na nilichokiona ni mikono yangu, yenye grisi kwenye kucha. Mwezi mzima na zaidi mikono hii ilikuwa inajiandaa kumpokea dada akiwa amekufa, na haikumpelekea hata chungwa. Niliomba dua moja tu, kwamba asife kabla ya kesho. Kisha nikaogopa hata dua hiyo, kwa sababu sikujua kama namwombea yeye au naiombea nafasi yangu kaburini.

Nilirudi na kufanya haraka, jambo ambalo si desturi yangu. Nyaya za plagi zilikuwa zimepasuka maganda, nami nilikuwa nimenunua mpya mjini. Fundi yeyote hubadilisha waya mmoja mmoja, anatoa mmoja anaweka mmoja, asisahau mpangilio. Mimi nilizing'oa zote pamoja, nikafunga mpya kwa kubahatisha. Nilipowasha, gari lilipiga mshindo kwenye sailensa, kuku wakaruka ukuta, na mke wa Papa akapiga kelele akidhani bunduki. Mke wangu alitoka, akaniona nimesimama na nyaya za zamani mkononi.

"Mzee," akasema kwa upole, "kaa kwanza."

Nikakaa. Nikanywa maji. Kisha nikaanza kuhesabu mpangilio wa silinda kwa vidole, nikarudisha kila waya mahali pake, na injini ikawaka. Nikakaza boliti ya distribyuta kwa spana huku jua linazama, na niliamini nimeikaza.

Asubuhi tulikunja kiti cha nyuma, tukatandika godoro, mito miwili na shuka safi. Papa alileta kitenge kipya kutoka katika bidhaa zake, cha rangi ya majani. "Ya kumufunika mama," akasema, bila kuniangalia. "Mwambie ni ya ule mupumbavu wa ku dirisha."

Safari ya kwenda ilikuwa njema. Gari lilipanda bila kukohoa, na mke wangu alisoma tasbihi njia nzima. Mimi nilikuwa naogopa kumwona.

Na kweli nilipoingia chumbani kwa dada sikumwona mara moja. Niliona blanketi tu. Kisha macho yakafunguka, makubwa kuliko uso. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikabusu mkono wake. Yeye ndiye aliyetangulia kusema.

"Umezeeka," akasema. "Ni gari limekuzeesha?"

Binti yake alinivuta kibarazani. Ni mwanamke mwenye akili, mwalimu wa shule, naye ndiye amemwosha na kumlisha siku zote hizi. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti ilikuwa imara.

"Mjomba, barabara itammaliza. Juzi tulimgeuza tu kitandani akazimia. Akifa njiani, watu watasema binti yake alimtupa nje."

"Ameomba mwenyewe, mwanangu."

"Anaomba mengi. Wiki iliyopita aliomba kurudi kwenye ile nyumba ya ukimbizini." Akafuta uso. "Na wewe ulikuwa wapi, mjomba, siku hizi zote, ndipo leo uje umchukue?"

Hakuna aliyeniuliza swali kwa haki kubwa kuliko hiyo. Nikamwambia kweli: nilikuwa naogopa. Nikamwambia kwamba akinikataza, sitamchukua. Nitabaki hapa Koboko, nitalala sebuleni, mpaka Mungu atakapoamua. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mama yake, nyembamba lakini kali kama zamani.

"Mnaninong'onezea mahari au nini? Nitakufa hapa au nitakufa pale. Malaika anazijua njia zote. Nivikeni viatu."

Binti yake akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Akaingia ndani kufungasha dawa, akasema naye anakuja.

Nilimbeba mwenyewe. Mkwe wake alitaka kunisaidia, dada akakataa. Niliweka mkono mmoja chini ya mabega na mwingine chini ya magoti, nikainuka, na niliogopa kwa wepesi wake. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi, nikainama, nikamshusha taratibu juu ya godoro, kichwa kwanza, kama ambavyo mtu hufanya kaburini. Nadhani alijua ninawaza nini. Uso wangu ulikuwa karibu kabisa na wake.

"Kichwa umekiweka upande gani?" akaniuliza.

"Mbele, nyuma ya kiti changu."

"Haya. Usinielekeze kibla bado."

Mke wangu alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika mlango, na majirani waliokuwa wamekusanyika kimya kama kwenye msiba wakaanza kucheka nao. Tukamfunika kitenge cha Papa. Nikamwambia salamu zake. "Mwambie amenifanyia kazi kubwa huyo mpumbavu," akasema, akafumba macho.

Nikawasha gari, nikaanza dua ya safari kwa sauti. Nimeisoma dua hiyo maelfu ya mara. Mwisho wake unasema kwamba sisi kwa Mola wetu tutarudi, na nilipofika hapo nikaikatisha. Nyuma yangu dada akaimalizia, akaitikia amina mwenyewe.

Nilikwenda polepole, nikikwepa kila shimo, bodaboda zikinipita na kupiga honi. Tulipoingia Maracha, katikati ya njia, kwenye mlima baada ya daraja, gari likaanza kuishiwa nguvu. Nikabadilisha gia, halikupanda. Mshale wa joto ukaanza kuinuka, na injini ikawa na sauti nzito, kama mtu anayesema na mto mdomoni. Nikalipeleka pembeni. Jua lilikuwa kali. Binti wa dada alianza kumpepea mama yake kwa mtandio, na sikuhitaji kumwangalia kujua anafikiri nini.

Boliti ya distribyuta ilikuwa imelegea. Kwa haraka yangu ya jana sikuikaza ikakazika, na kwa mtetemo distribyuta ilikuwa imejizungusha, cheche zimechelewa. Kuirudisha si kazi kubwa, lakini sharti moja la kazi hiyo ni utulivu, nami sikuwa nao. Malori ya Sudani Kusini yalikuwa yakipita na kunguruma, moyo wangu ulikuwa unagonga masikioni. Niliizungusha huku, nikaizungusha kule, na sauti zote kwangu zilikuwa sawa. Nilifikiri: hapa ndipo atakapofia, kando ya barabara, kwa sababu ya boliti.

"Palipita," ikasema sauti kutoka nyuma.

Nilidhani ni mke wangu. Nikachungulia. Dada alikuwa amefumbua macho, kichwa kimegeukia upande wangu.

"Pazuri pamepita," akasema. "Rudi kidogo."

Nikarudisha kidogo.

"Bado. Bado. Hapo bado ina kigugumizi." Alikuwa anasema neno, anapumua, anasema jingine. "Tena. Hapo. Acha hapo, usiguse."

Nikashika distribyuta kwa mkono mmoja na kukaza boliti kwa mwingine, nikaikaza mara hii mpaka spana ikanung'unika. Injini ilikuwa inaimba sauti moja. Nilikwenda nyuma nikamuuliza alijuaje.

"Meza yangu ya mandazi ilikuwa wapi?" akasema. "Mbele ya gereji yenu. Miaka yote ile nilikuwa nakaanga na nyinyi mnanipigia kelele. Fundi wako, sauti ikifika hapo, alikuwa ananyamaza, ananunua andazi. Nilijua sasa atakuja kula." Akafumba macho tena. "Twende. Nina kiu."

Tulifika Arua baada ya adhuhuri. Papa alikuwa amesimama langoni tangu asubuhi, na alipomwona dada akiwa hai alivua kofia, akaishika kifuani. Nilimbeba tena, nikamlaza katika chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi upande wa ua. Alitazama dari, akasema baba alipaswa kuziba ule ufa.

Hiyo ni wiki kadhaa zilizopita. Naandika haya yeye akiwa chumba kile kile. Binti yake amepata ruhusa shuleni na bado yuko nasi. Hajanisamehe yote, nami sijamdai msamaha. Dada anakula vijiko vichache vya uji, siku nyingine hali kabisa. Maumivu yakija anamshika mke wangu mkono mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Daktari yule mwenye adabu alikuja akaongeza dawa, akaondoka bila kuniita pembeni. Dada hajaitaja tena habari ya kushushwa, nami sijathubutu kumuuliza kama nafasi yangu nimeipata. Gari limekaa uani. Sijui hali ya plagi zake.

Simu hainitishi tena. Hofu imehamia kwenye mlango wa chumba cha mbele. Kila alfajiri, kabla ya kwenda msikitini, husimama nje ya pazia lake nisikilize kama anapumua, na siku nyingine pumzi ni ndogo hivi kwamba nakaa hapo mpaka nakaribia kukosa swala ya jamaa. Leo nilisimama muda mrefu kuliko kawaida. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimeanza kusoma kile tunachosoma tukipatwa na msiba, kimoyomoyo, pazia lilipotikisika kwa upepo na sauti yake ikatoka.

"Ingia," akasema. "Usisimame hapo kama mwizi."

Nikaingia. Msikitini walisali bila mimi. Nilitandika msala wangu kando ya kitanda chake, tukaswali alfajiri pamoja, mimi nimesimama, yeye akiashiria kwa macho.